Picha ya Tanuru Namba Tatu

Doreen Babiak hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku hizi ukitaja jina lake mjini kwetu watu wanakunja pua, na nusu yao hawakuwepo. Mtu mbaya hafui mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa, tena kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, bila kukosa zamu. Ila alikuwa na kinyongo. Wengine wanafuga paka, yeye alifuga kinyongo, na kilinenepa.

Alikuwa na miaka hamsini na sita na viungo vya mikono vilivyokwisha kazi. Asubuhi alishindwa kufungua chupa ya maziwa mpaka kwanza aichovye mikono kwenye maji ya moto. Daktari alimwambia akiendelea kuvuta mashuka mabichi kutoka kwenye zile mashine, miaka miwili haitapita kabla hajawa mtu wa kulishwa kwa kijiko. Ndipo Bi. Ferris wa ghorofa ya tatu, anayesimamia tovuti ya hospitali, akamwita pembeni.

"Msaidizi wangu anaondoka Juni," akamwambia. "Kasome lile somo la kutengeneza kurasa za tovuti pale chuo cha kaunti. Ukifaulu, kiti ni chako. Usipofaulu, Doreen, nitampa mwingine, na usije ukaninunia."

Kiti. Cha magurudumu, chenye mto, kando ya dirisha. Doreen alipanda ghorofa ya tatu mara mbili kwa visingizio vyake ili tu akakitazame. Kisha akajiandikisha.

Darasani walikuwa kumi na wanane, wengi wao watoto wa juzi wanaoandika msimbo, ile lugha ya kompyuta, kama wanavyotafuna bigijii. Mwalimu alikuwa Bwana Delgrosso, mfupi, ndevu za mvi, kikombe cha kahawa hakimtoki mkononi. Alikuwa na desturi iliyojulikana chuo kizima. Jumanne mnaandika, Alhamisi kazi zinatupwa ukutani kwa projekta, moja moja, kwa mpangilio wa majina ya ukoo. Atakayenyooshewa kidole lazima ataje makosa matatu ya kazi ya mwenzake. Si mawili, si manne. Kusifu marufuku.

"Sifa kaombe kwa mama yako," alikuwa akisema. "Hapa tunatafuta kilichooza."

Neno lake jingine lilikuwa hili: kompyuta yako ya nyumbani inakupenda, ndiyo maana inakudanganya, ukuta haukupendi. Maana yake ni kwamba kila mwanafunzi alikuwa na folda yenye jina lake kwenye seva ya chuo, na kitu ambacho hujakipakia kwenye folda hiyo hakipo duniani, hata kama nyumbani unakiona kinameremeta.

Doreen alilijua hilo kwa aibu wiki ya tatu. Alikuwa ametengeneza ukurasa wa kolachi ya mama yake, ule mkate wa kuviringisha wenye njugu ndani, na nyumbani picha ilitoka vizuri hata mama yake akataka kuigusa. Ukutani palitokea kisanduku kitupu. Delgrosso akamnyooshea kidole Colby Trautman.

Huyo Colby alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, kofia ya sweta kichwani muda wote, na ndiye aliyekuwa kinara wa darasa. Kila mtu alisubiri zamu yake ya kusema.

"Kosa la kwanza, hakuna kitu," akasema. "La pili, hakuna kitu." Akainamisha kichwa upande kama anayechunguza mchoro wa thamani. "La tatu, bado hakuna kitu."

Darasa likaangua kicheko. Delgrosso akacheka ndani ya kikombe chake. Doreen naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole kanisani.

Baada ya kipindi yule kijana alimfuata kwenye korido. "Bibi, ukurasa umeupakia, picha umeiacha nyumbani. Vinakwenda viwili. Ni kama viatu, huvai kimoja."

"Mimi si bibi yako."

"Sawa, bibi," akasema Colby, akaenda zake.

Ulikuwa msaada, na ulikuwa msaada wa kweli, lakini Doreen alisikia neno moja tu, akaenda nalo nyumbani.

Kuanzia hapo kila Alhamisi alikaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Walimwambia rangi zake zinaumiza macho. Walimwambia herufi zake ni za tangazo la mazishi. Msichana mmoja alisema ukurasa wake unanuka sabuni ya kufulia, na kwa kuwa hilo halikuwa kosa la msimbo Delgrosso alimtaka ataje jingine, lakini hakumkemea. Doreen aliandika kila neno kwenye daftari, tarehe na jina la aliyelisema. Jina la Colby ndilo lililojaza kurasa nyingi zaidi.

Ilipofika Aprili alikuwa na alama arobaini na nne. Kufaulu ni sabini. Kazi ya mwisho ilikuwa na thelathini, kwa hiyo alihitaji ishirini na sita kati ya hizo. Mtu wa kawaida angekata tamaa, lakini Doreen alikuwa na kitu mkononi ambacho wale watoto hawakuwa nacho.

Alikuwa na picha ya mwaka 1961. Wafanyakazi kumi na wawili wa tanuru namba tatu wamesimama mbele ya lango la kiwanda cha vioo, kiwanda ambacho leo ni magugu na uzio. Wa tatu kutoka kushoto ni Metro Babiak, baba yake, ameshika bomba lake la kupulizia kioo kama fimbo ya askofu. Nyumbani kwao hapakuwa na picha nyingine ya ujana wake. Maji ya mto yalipoingia chumba cha chini yalizibeba zote. Kazi yake ya mwisho ingekuwa tovuti ya watu wa tanuru lile. Aliipiga picha ile skani, akaipakia mapema, akaipa jina tanuru3, na mama yake Pauline, mwenye miaka themanini na minne, akawa anauliza kila siku tangu Pasaka: "Lini nitamwona Metro ukutani?"

Jumanne moja Delgrosso aliwaagiza wafungue kazi za wenzao na kuzitazama ndani, msimbo wenyewe, wajifunze. Doreen akafungua ya Colby. Kijana alikuwa anatengeneza tovuti iitwayo Mji Uliolala, vichekesho vya mji wetu, maduka yaliyofungwa, taa za barabarani zinazoongoza magari ambayo hayapo. Na nyuma ya maneno yote, imetanda kuanzia juu hadi chini, ilikuwa picha ya tanuru namba tatu. Juu ya uso wa Metro Babiak palikuwa na kitufe chekundu kilichoandikwa: BOFYA UINGIE.

Damu ilimpanda kichwani. Akaingia kwenye msimbo kutafuta picha ile imetoka wapi, akaikuta mistari kumi tu chini. Colby hakuwa ameinakili. Alikuwa ameweka anwani, na anwani hiyo ilielekea moja kwa moja kwenye folda ya Doreen, na jina lake Babiak limo katikati. Kila ukurasa wa Colby ulipofunguka, ulikwenda kuiomba picha kwake.

"Hao wazee umewatoa wapi?" jirani yake Colby alimwuliza muda ule ule, akicheka.

"Wazee tu," Colby akajibu bila kugeuka. "Nimewaokota mahali."

Doreen angeweza kumgusa bega. Ilikuwa hatua nne. Angemwambia, yule ni baba yangu, ondoa kidude chako usoni mwake, na mambo yangeishia pale. Hakwenda. Alikuwa amekwisha kuelewa jambo moja la ufundi, na lilikuwa tamu mno: anayekula kwenye sahani yako, wewe ndiye unayeamua kilichomo.

Sasa lazima mjue kuhusu Dwight Trautman, baba wa Colby. Desemba alikamatwa yeye na mwenzake wakichomoa mabomba ya shaba kwenye shule iliyofungwa. Kwetu ofisi ya sherifu huweka picha za waliokamatwa kwenye mtandao, na kaunti nzima huzisoma na kahawa kabla ya kusoma hali ya hewa. Dwight alipigwa picha jicho limevimba, nywele zimesimama, mdomo wazi kama aliyeshikwa akiwa usingizini. Sasa alikuwa anatumikia miaka miwili gereza la mbali. Colby hakuwahi kumtaja darasani, na wenzake, pamoja na midomo yao yote, hawakuwahi kumtania kwa hilo. Hata watoto wale walikuwa na mpaka.

"Kamwekea baba yangu kitufe usoni," Doreen alijiambia jikoni, akikanda mikono kwenye beseni la maji ya moto. "Basi baba kwa baba."

Jumatano, siku moja kabla ya maonyesho ya kazi za mwisho, saa kumi alasiri alikaa kwenye kompyuta yake na kufanya mambo kwa utaratibu, maana hakuwa mjinga. Picha halisi ya tanuru aliipa jina jipya, babiak_baba. Picha ya Dwight, aliyoishusha kutoka kwenye tovuti ya sherifu, akaiita tanuru3, jina lile lile ambalo ukurasa wa Colby ulikuwa ukiliomba. Kisha akafungua ukurasa wake mwenyewe, akabadilisha mstari mmoja ili uite jina jipya, akahifadhi, akatazama. Metro alikuwa pale pale na bomba lake, amenyooka. Akaingia kwenye seva, akapakia picha ya kwanza, akapakia picha ya pili.

"Doreen," Pauline akaita kutoka chumbani, "nivae ile nguo ya buluu au ya maua?"

"Ya buluu, mama." Akafunga kompyuta akaenda kumtafutia viatu.

Alhamisi ya mwisho wageni hualikwa. Saa nane mchana darasa lilikuwa limejaa wazazi, na mezani palikuwa na biskuti za kila aina, kwa sababu kwetu hata ukizika mtu lazima biskuti zipangwe kwenye meza. Pauline alikuja na kolachi yake kwenye sahani, haijakatwa, amegoma isikatwe mpaka Metro aonyeshwe. Bi. Ferris alikuja na daftari lake la ofisini, akaketi safu ya pili. Alimwambia Doreen kwa sauti ya chini, "Naona kama kiti kimeshakuzoea," na Doreen nusura alie.

Colby aliingia na mama yake, aliyekuwa bado amevaa fulana ya kazi ya dukani, na mdogo wake Maisie, miaka sita, amesukwa misuko miwili kwa ajili ya siku hiyo. Colby alipomwona Pauline anatafuta pa kukaa alibeba kiti kutoka nyuma.

"Kaa hapa mbele, bibi, utaona vizuri."

"Ahsante mwanangu. Nimekuja kumwona mume wangu."

"Mume wako?"

"Yuko ukutani," Pauline akasema. Colby akatabasamu tu, kama tunavyowatabasamia wazee, akarudi kwa watu wake.

Doreen aliyaona yote hayo. Aliiona ile misuko miwili. Saa ukutani ilionyesha kwamba dakika kumi zilikuwa zimebaki, na kompyuta ya darasa ilikuwa hatua tatu kutoka alipo, na kurudisha picha ile ni kazi ya dakika moja. Hapo ndipo mimi nashindwa kumtetea. Alijimiminia kahawa, akakaa.

"Babiak," Delgrosso akaita.

Alikuwa amefanya mazoezi mbele ya kioo kwa wiki mbili: simama, tazama wageni, usitazame ukuta, sema kwa moyo. Delgrosso akabofya. Doreen akageukia watu, mgongo ukutani, akaanza.

"Huyu mnayemwona ni baba yangu," akasema. "Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika mji huu. Watu walimwachia funguo za nyumba zao. Mikono yake haikuwahi kuchukua kitu kisichokuwa chake, na kila nilicho nacho mimi, nimekitoa kwake."

Aliona nyuso zimeganda, akadhani amewagusa. Bi. Ferris alikuwa ameacha kuandika. Mama yake Colby alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono, akitikisika, na Doreen akawaza kwamba kumbe hata huyu ana moyo laini.

"Mama," Maisie akasema, kwa furaha ya mtu aliyeonyeshwa zawadi. "Baba huyo. Mama, si baba huyo? Mbona ameumia jicho?"

Doreen akageuka.

Dwight Trautman alikuwa amejaa ukuta mzima, mkubwa kuliko mlango, jicho limevimba na mdomo wazi, na chini yake, kwa zile herufi ambazo darasa liliziita za mazishi, palikuwa pameandikwa: METRO BABIAK, BABA YANGU.

Hakuelewa mara moja. Nyumbani alikuwa ameuona ukurasa ukiwa sawa. Aliuona kwa macho yake.

"Amerudi lini?" mtoto alikuwa akiuliza. "Ulisema yuko kazini." Mama yake akambeba, akakisukumiza kichwa chake begani asiendelee kutazama, na mtoto akawa anajipinda ili aone.

"Si mimi," Doreen akasema. "Mtu ameingia kwenye folda yangu." Kisha akafanya kosa ambalo watu wa mji wetu hawajamsamehe mpaka leo, wakati hayo mengine pengine wangemsamehe. Alinyoosha mkono. "Colby ndiye anayejua kuingia. Mwulizeni yeye."

Delgrosso aliweka kikombe chini, na hatukuwahi kumwona akikiweka chini. Akafungua folda ya Babiak hapo hapo ukutani, orodha yote, mbele ya watu. Picha mbili, zimepakiwa jana saa kumi na dakika kumi, kwa jina na nywila ya Doreen Babiak. Ukurasa wenyewe, mara ya mwisho kupakiwa, Jumatatu, na bado unaita tanuru3.

"Colby," akauliza taratibu, "ile picha yako ya nyuma unaitoa wapi?"

"Kwake," Colby akasema. Kofia ilikuwa imemwanguka mabegani na masikio yake yalikuwa mekundu. Alitazama orodha ile kwa muda mfupi tu, maana kwake ilikuwa inasomeka kama barua. "Mwalimu, yangu usiifungue."

"Siifungui."

"Lakini makosa matatu nitayataja. Si ndiyo desturi?"

Akasimama.

"La kwanza, picha haiendani na maneno," akasema. "La pili, amepakia picha, ukurasa ameuacha nyumbani. Nilishamwambia vinakwenda viwili." Hapo akaivuta tena kofia kichwani, akajifunika masikio. Alikuwa mtoto tu, jamani, tukimtazama pale ndipo tulipoona. "La tatu, sikujua kama ni baba yako. Ungeniambia niitoe, ningeitoa."

Akamchukua Maisie kutoka mikononi mwa mama yake, wakatoka wote watatu, na mtoto akawa anapunga mkono ukutani mpaka mlango ulipofungwa.

Delgrosso akazima projekta. Akaandika sifuri kwenye karatasi yake bila kumtazama mtu, akasema jina linalofuata. Bi. Ferris alifunga daftari, akachukua mkoba wake, na alipofika usawa wa Doreen akasimama.

"Jumatatu zamu yako ya kufua inaanza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Usichelewe," akasema.

Doreen alimwongoza mama yake mpaka kwenye gari. Ilimchukua muda kumfungia mkanda, kwa sababu vidole havikutaka kubana. Waliendesha kupita uzio wa kiwanda, wakapita taa mbili zinazoongoza magari ambayo hayapo, na Pauline alikuwa ameshikilia sahani ya kolachi mapajani kwa mikono yote miwili, haijakatwa.

"Doreen."

"Naam, mama."

"Nilikaa mbele kabisa. Yule kijana mwema alinipa kiti."

"Ndiyo, mama."

"Na miwani nilivaa," Pauline akasema. "Lakini baba yako sikumwona."